Kutoka Kuvumilia hadi Kupokea: Historia ya Tiba ya Ukubalifu kwa Vijana Waliojeruhiwa kwa Maneno Utotoni

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tiba za kisaikolojia zilizojengwa juu ya dhana ya kukubali, tangu zilipoibuka Marekani katika robo ya mwisho ya karne ya 20 hadi zilipofika katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Historia hiyo inahusishwa na vijana walionyanyaswa kihisia utotoni. Hoja kuu ni kwamba tiba hizi hufanya kazi kupitia lugha, na kwamba kitenzi kilichozoeleka kuzitafsiri, yaani kukubali, kinagongana na matumizi yake katika malezi yetu. Makala yanapendekeza kitenzi kupokea na kueleza sababu zake.

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita shirika moja linalohudumia vijana jijini Kampala liliniomba nihariri tafsiri ya Kiswahili ya kijitabu cha ushauri nasaha. Walengwa walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 25 waliokulia katika nyumba ambamo walitukanwa, walidharauliwa au waliambiwa kila siku kwamba hawatakiwi. Kwa kipimo cha sarufi tafsiri ilikuwa nzuri. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi fupi iliyochapwa kwa herufi nene: "Kubali yaliyokupata."

Miongoni mwetu mezani alikuwamo msichana aliyealikwa kama msomaji wa majaribio. Aliisoma sentensi ile, akaisukuma karatasi upande wangu. "Hivi ndivyo nilivyokuwa nikiambiwa nyumbani," alisema. "Kubali tu, wewe si wa kwanza." Hakuendelea kusoma, na hakuna aliyemshurutisha.

Nilianza kuitafuta historia ya sentensi ile kwa sababu ya msichana huyo. Mimi si tabibu, ni mtafiti wa lugha, na sitatoa hapa maelekezo ya kitabibu. Lakini tiba inayotumia maneno kutibu majeraha ya maneno haiwezi kuachiwa wanasaikolojia peke yao, hasa sasa ambapo Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu uamuzi wa wakuu wa nchi wa mwaka 2021, na miongozo ya afya inazidi kutafsiriwa.

2. Jeraha lisiloonekana kwenye eksirei

Dhana ya unyanyasaji wa watoto katika tiba ya kisasa ilianzia kwenye mifupa. Mwaka 1962 daktari wa watoto Henry Kempe na wenzake wa Colorado walichapisha makala kuhusu hali ya mtoto aliyepigwa, na ushahidi wao mkubwa ulikuwa picha za eksirei zilizoonyesha mifupa iliyovunjika kwa nyakati tofauti. Katika miaka michache iliyofuata majimbo yote ya Marekani yalitunga sheria za kuripoti unyanyasaji wa aina hiyo. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo, yaliweka kipimo ambacho tusi haliwezi kukifikia, kwa kuwa neno halivunji mfupa.

Ilichukua robo karne kabla ya unyanyasaji wa kihisia kupata vitabu vyake. Mkusanyo uliohaririwa na Marla Brassard, Robert Germain na Stuart Hart mwaka 1987 ni miongoni mwa kazi za mwanzo zilizousimamisha kama somo linalojitegemea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 19, uliutaja ukatili wa akili bega kwa bega na ule wa mwili. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 ukafanya vivyo hivyo katika ibara ya 16. Mwaka 1998 Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha utafiti wa San Diego uliowahusisha watu wazima zaidi ya 9,000, wakaonyesha kwamba madhila ya utotoni, kutukanwa na kudhalilishwa yakiwamo, yanahusiana na maradhi ya utu uzima.

Katika ukanda wetu, takwimu zilianza kupatikana baada ya hapo. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto kwa kuwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Takriban robo yao, wa kike kwa wa kiume, walisema kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 mtu mzima aliwahi kuwaita majina mabaya, kuwafanya wajione hawatakiwi au kutishia kuwatelekeza. Kenya ilifuata mwaka 2010: miongoni mwa waliokuwa na miaka 18 hadi 24, asilimia 26 ya wanawake na asilimia 32 ya wanaume walieleza kupitia ukatili wa kihisia. Kwamba wavulana waliwazidi wasichana ni jambo ambalo mijadala yetu ya jinsia hulipita haraka mno.

Ripoti hizo zimetuzoesha istilahi "ukatili wa kihisia" na "unyanyasaji wa kihisia". Ni istilahi zinazofaa kwa sheria na takwimu. Lakini kabla ya istilahi hizo Kiswahili kilikuwa na neno kali zaidi na mahususi zaidi, nalo ni masimango. Kusimanga si kutukana. Mpita njia anaweza kukutukana, lakini hawezi kukusimanga, kwa sababu hajakupa kitu. Anayesimanga ni yule aliyekulisha, aliyekulipia ada, aliyekulaza chini ya paa lake, kisha akaligeuza lile alilokupa kuwa fimbo. Kusuta humwandama mtu kwa alilolitenda au kulisema. Kusimanga humwandama kwa alichopewa. Kinyarwanda kina gucyurira, kitenzi chenye maana iliyo karibu sana na hiyo, na sidhani kuwa ni sadfa kwamba jamii zenye desturi ya kulea watoto wa ndugu zimeona haja ya kukitenga kitendo hiki kwa jina lake.

Neno hili linaonyesha jambo ambalo istilahi ya kitaalamu inalificha: masimango kwa kawaida hayasemi uongo. Chakula kililiwa kweli, na ada ililipwa kweli. Mtoto hana hoja ya kupinga, na anayeendelea kuishi hivyo kwa miaka kumi hufikia kujiona deni linalotembea. Ubishi kati ya ukweli wa maneno na ubaya wake ndio utakaotusaidia kuelewa kwa nini tiba ya ukubalifu iliwafaa watu wa aina hii.

3. Kutoka kubishana na wazo hadi kuliachia nafasi

Tiba za kisaikolojia zilizoenea Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, hasa ile ya Aaron Beck wa Philadelphia na ya Albert Ellis wa New York, ziliyaendea mawazo yanayoumiza kama hakimu anavyoliendea shauri. Mgonjwa akisema "sifai kitu", anaulizwa ushahidi wake, anaupima, kisha anatafuta wazo lenye usawa zaidi. Tiba hiyo imewafaa watu wengi mno, na sitaki nieleweke kwamba naidharau. Lakini tumfikirie kijana aliyesimangwa. Ukiliita wazo lake mahakamani, mlezi wake wa zamani huja na stakabadhi za ada.

Wa kwanza kulikabili tatizo hili kwa upana alikuwa Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Katika miaka ya 1980 alikuwa akiwahudumia wanawake waliokuwa wakijidhuru mara kwa mara. Alipowataka wabadilike, walisikia lawama nyingine juu ya zile za utotoni. Alipowapokea tu bila kuwataka wabadilike, waliona kama wameachwa peke yao ndani ya maumivu. Linehan alijifunza falsafa ya Zen, akaunganisha pande hizo mbili, akachapisha matokeo ya jaribio lake la kwanza la kitabibu mwaka 1991 na kitabu kikubwa mwaka 1993. Ndani ya kitabu hicho alieleza kile ninachokitafsiri kuwa mazingira ya kubatilisha: nyumba ambamo hisia za mtoto hutangazwa kuwa batili. Mtoto analia, anaambiwa anadeka. Anaogopa, anaambiwa anajifanya. Mwaka 2011, huko Hartford, Linehan alisimama mbele ya watu na kueleza kwamba yeye mwenyewe alilazwa katika taasisi ya magonjwa ya akili ya mji huohuo mwaka 1961, akiwa na miaka 17, na akakaa humo zaidi ya miaka miwili. Kwa muda mrefu wasomaji wake hawakujua kwamba mwandishi alikuwa akiyasema aliyoyapitia.

Steven Hayes alifika kwa njia nyingine. Mwaka 1978, akiwa mhadhiri kijana huko North Carolina, alipatwa na shambulio la hofu katikati ya kikao cha idara, na kwa miaka iliyofuata kila alivyopambana na hofu hiyo ndivyo ilivyozidi. Baadaye amesimulia hadharani jinsi alivyojificha chini ya kitanda akiwa mtoto huku wazazi wake wakigombana. Kitabu alichokichapisha mwaka 1999 pamoja na Kirk Strosahl na Kelly Wilson ndicho kilichoipa tiba hii umbo lake linalojulikana: mtu aziache hisia chungu ziwepo bila kuzikimbia wala kuzipiga vita, ayatazame mawazo yake kama mawazo, achague anachokithamini, kisha ajifunge kutenda kwa ajili ya kitu hicho. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahaulika katika tafsiri nyingi. Ukubalifu wa Hayes unahusu kilichomo ndani ya mtu, yaani hofu, aibu, kumbukumbu. Hauhusu kitendo alichotendewa, wala haumtaki abaki kwa anayemtenda. Kijana ambaye bado anaishi na mnyanyasaji, zaidi sana aliye chini ya miaka 18, anahitaji kwanza ulinzi wa sheria. Uganda, kwa mfano, iliyataja majeraha ya kihisia na ya akili katika marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016.

Kwa nini kukimbia hisia kunadhuru? Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio maarufu huko Texas, ambamo wanafunzi waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe na wapige kengele kila wanapomfikiria. Kengele zililia. Tena walioanza kwa kukatazwa walimfikiria zaidi waliporuhusiwa baadaye. Karibu miaka ishirini baada ya hapo, mwaka 2006, Madhavi Reddy, Scott Pickett na Holly Orcutt walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa chuo waliopitia unyanyasaji wa kisaikolojia utotoni. Walionyesha kwamba tabia ya kukwepa yanayotokea ndani ya nafsi ilikuwa daraja kati ya unyanyasaji ule wa zamani na dalili za sasa. Hii inaeleweka tukikumbuka mtoto anayesimangwa hufanya nini. Hanyanyui uso, hasemi, halii. Kumeza ndiyo mbinu pekee aliyonayo, na inamsaidia kupita siku ile. Shida ni kwamba anaendelea kumeza akiwa na miaka 23, mbele ya mwajiri asiyemfanyia ubaya wowote.

Kwa mtafiti wa lugha, chombo kinachovutia kuliko vyote katika tiba ya Hayes ni kile cha kulitenganisha neno na nguvu yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Edward Titchener wa Chuo Kikuu cha Cornell alieleza kwamba ukilirudia neno kwa sauti mara nyingi mfululizo, maana yake hupeperuka na kubaki mlio. Hayes alilichukua zoezi hilo. Mgonjwa hulirudia neno la kawaida kama "maziwa" mpaka libaki sauti tupu, kisha hulifanyia vivyo hivyo neno linalomtesa. Hakuna anayebisha kama neno hilo ni kweli au si kweli, na stakabadhi za ada hazihitajiki tena.

4. Rhino Camp na suala la lugha

Tiba hii ilifika kwetu kwa sura iliyorahisishwa. Shirika la Afya Duniani lilitayarisha programu ya kujisaidia yenye misingi ya tiba ya Hayes, inayotolewa kwa makundi ya watu hadi 30 kwa majuma matano. Sauti iliyorekodiwa hubeba mafunzo, kitabu cha picha hukumbusha, na waendeshaji ni watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Mwaka 2017 programu hiyo ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini waliokuwa katika vijiji 14. Matokeo yalitolewa katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2020: miezi mitatu baadaye, waliopata programu walikuwa na msongo mdogo wa mawazo kuliko wenzao.

Jaribio hilo halikuwahusu vijana walionyanyaswa utotoni, na itakuwa makosa kulinukuu kana kwamba liliwahusu. Linalotuhusu ni uamuzi uliotangulia jaribio: programu ilirekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, lugha ya sokoni na nyumbani ya wanawake wale, si kwa Kiingereza cha ofisi. Uganda ilikuwa na kielelezo cha zamani zaidi. Paul Bolton na wenzake, kabla ya jaribio lao la tiba ya makundi katika vijiji 30 vya kusini magharibi lililochapishwa mwaka 2003, waliwauliza wenyeji wanavyoyaita maumivu yao, wakapewa maneno ya Kiganda okwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Jaribio likapimwa pia kwa maneno hayo. Kwa Kiswahili hatujafanya kazi ya aina hiyo kwa masimango. Tumeipokea istilahi kutoka juu, tukaiteremsha.

5. Sarufi ya hisia

Kiswahili kina neema moja ambayo watafsiri huipoteza bila kujua. Mzungumzaji wa Kiingereza hujifananisha na hisia yake kwa kitenzi "kuwa". Kwake yeye na huzuni ni kitu kimoja katika sentensi. Sisi husema nina huzuni, nimeingiwa na hofu, nimeshikwa na aibu, hasira zimenipanda. Hisia ni kitu kinachokuja, kinachoingia, kinachoshika, na kwa hiyo kinaweza pia kuondoka. Kinyarwanda nacho husema mfite agahinda, nina huzuni. Utengano ambao Hayes analazimika kuufundisha kwa mazoezi marefu umo tayari ndani ya sarufi yetu ya hisia.

Lakini haumo katika sarufi ya tusi. Masimango hutumia "ni": wewe ni mzigo, wewe ni hasara. Mtoto akikua huigeuza nafsi tu: mimi ni mzigo. Zoezi la kutoka "mimi ni mzigo" hadi "nimejiwa na wazo kwamba mimi ni mzigo" linakubalika vizuri katika Kiswahili, kwa sababu linalihamisha tusi kutoka upande wa "ni" na kulipeleka upande ambako tayari tunaziweka huzuni na hofu. Nimeona tafsiri zinazoandika "ninafikiria kwamba mimi ni mzigo". Hazifai, kwa maana zinamfanya kijana mtendaji wa wazo ambalo alipandikizwa.

6. Uteuzi wa kitenzi

Turudi kwenye sentensi ya kijitabu. Kukubali, neno lenye asili ya Kiarabu, katika matumizi yetu ni kusema ndiyo: kukubali ombi, kukubali posa, kukubali kosa. Kuridhia ni baya zaidi, kwa kuwa lina harufu ya idhini, na hakuna mtoto aliyetoa idhini. Kukiri linambebesha kijana hatia. Kuvumilia na kustahimili ni fadhila kubwa katika utamaduni wetu, na methali zinazisifu, lakini ndizo hasa mbinu za kumeza ambazo tiba inajaribu kuzilegeza. Kijana huyu amekwisha kuvumilia kuliko wengi wetu.

Kupokea ni tofauti. Tunapokea mgeni ambaye hatukumwita na ambaye hatujui ataondoka lini. Tunampokea mtu mzigo ili apumue. Kupokea hakumaanishi kwamba mgeni ni mwema wala kwamba mzigo ni wa haki. Aidha, kitenzi hiki kinaambatana kwa urahisi na usemi wa kila siku wa kuipa kitu nafasi, hivi kwamba "ipokee hofu, ipe nafasi, kisha fanya ulilolikusudia" ni Kiswahili ambacho bibi yeyote angekielewa. Napendekeza hivyo kwamba kitenzi hicho kitumike kwa hisia na mawazo peke yake, kamwe si kwa kitendo cha mnyanyasaji, na kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iwakutanishe wanaleksikografia, washauri nasaha na vijana wenyewe kabla wizara za afya hazijachapisha miongozo mipya. Jina "tiba ya ukubalifu" laweza kubaki katika maandishi ya kitaalamu kama haya. Wasomaji wake hawamo hatarini.

Kijitabu chetu kilitoka na sentensi ya zamani, kwa kuwa malipo ya uchapaji yalikuwa yamekwisha kufanyika. Nakala chache zilizobaki ofisini zilisahihishwa kwa mkono. Msichana aliyeikataa sentensi ile ndiye aliyezisahihisha, na katika nakala aliyonipa amefuta pia neno "yaliyokupata" na kuandika juu yake, kwa kalamu ya bluu, "unachokisikia sasa".